Namba ni Nzima, Picha Ndiyo Mbovu

Lahajedwali likifunguliwa kwenye Excel au LibreOffice Calc, namba hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kinachoonekana kwenye skrini ni picha yake. Picha hiyo huchorwa upya kila ukurasa unapotembezwa au fomula inapotoa jibu jipya. Tangu Office 2013, Microsoft imeitegemea zaidi kadi ya michoro kwa kazi hiyo, na LibreOffice 7.0 ya mwaka 2020 ikaja na mfumo wa kuchorea uitwao Skia. Katikati ya programu na kadi ipo draiva ya video. Draiva ikiwa na kasoro, sehemu ya picha ya zamani haifutwi, au mpya haichorwi.

Ndipo seli zinapokuwa nyeusi, mistari ikakatika na maandishi yakapandana. (Alama #### ni jambo jingine: mara nyingi safu ni nyembamba, ipanuliwe tu.)

Hatari kubwa ni jibu la zamani linaloganda. Mhasibu amebadilisha 45,000 kuwa 54,000, lakini jumla iliyo chini haisogei. Akiandika jumla mpya kwa mkono, anaifuta fomula, na hesabu iliyokuwa sahihi inaharibika kweli. Kabla ya kugusa chochote, dirisha lishushwe kisha lirudishwe. Jumla ikibadilika, tatizo lilikuwa la picha. Isipobadilika, abonyeze F9, kwani huenda ukokotoaji umewekwa wa kuamriwa.

Kupiga picha ya skrini nako kunasaidia: hitilafu isipoonekana ndani ya picha hiyo, ishukiwe waya au skrini yenyewe.

Kwenye Windows, kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B huiwasha draiva upya, na kazi iliyofunguliwa haifungwi. Tiba ya kudumu ni draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi. Lakini kama tatizo lilianza mara baada ya sasisho, draiva ya awali irudishwe. Ikishindikana, matoleo mengi ya Excel yana kisanduku cha kuzima msaada wa kadi katika mipangilio yake ya kina, na Calc inaweza kulazimishwa kuchora bila kadi. Grafu nzito zitatembea polepole kidogo. Kasi ya kukokotoa fomula haiguswi.