Je, Wajua? Mwongozo Usiokwisha Kusahihishwa

Je, wajua kuwa kitabu kinachoelekeza meli kwenye pwani ya Mtwara hakimaliziki kuhaririwa? Kinaitwa *Africa Pilot*. Ni mwongozo wa Uingereza unaoeleza miamba, mikondo na alama za kuingilia bandarini.

Sababu ni bahari yenyewe. Mto Ruvuma humwaga mchanga mlangoni mwake, na mafungu huhama.

Kwa hiyo kila wiki hutolewa Matangazo kwa Mabaharia, yenye masahihisho ya miongozo na ya ramani za bahari; yalianza kutolewa mwaka 1834. Kwenye ramani ya karatasi, ofisa wa meli hukata kwa mstari kina cha zamani, huandika kipya kwa wino wa zambarau, kisha huweka namba ya tangazo kwenye kona ya chini kushoto.

Watumiaji wenyewe pia ni wakaguzi: nahodha akikuta boya limehama au kina hakilingani na ramani, hujaza fomu na kuituma kwa wachapishaji.

Ukipewa mwongozo wowote, tazama kwanza ulisahihishwa lini.