Super Furry Animals: Bendi ya Roki Iliyorudia Kiwelisi

Kila tunapofikia mada ya lugha na muziki katika somo la isimujamii, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza: je, msanii anayetaka kusikika nje ya kwao hana budi kuiacha lugha yake? Mjadala huwa mkali, na aghalabu mifano huwa ile ile ya wanamuziki wa hapa jirani. Safari hii nimeona tuchukue mfano wa mbali kidogo, wa bendi ya muziki wa roki mbadala kutoka Welisi. Wapo wasomaji watakaouliza roki ina uhusiano gani na idara ya Kiswahili. Naomba wavumilie aya mbili tatu.

Welisi ni mojawapo ya nchi nne zinazounda Ufalme wa Muungano, na ina wakazi wapatao milioni tatu. Lugha yake ya asili, Kiwelisi, ni ya jamii ya Kikelti, wala haielewani na Kiingereza hata kidogo. Katika karne ya 19, kwenye baadhi ya shule za huko, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa shingoni kipande cha ubao, naye alikivua pale tu mwenzake alipokosea kama yeye. Wengi wetu tunaijua adhabu hiyo kwa majina mengine, na baadhi yetu tuliivaa. Sensa ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba asilimia 20.8 ya watu wa Welisi walijua kukizungumza Kiwelisi.

Lugha hiyo haikukaa kimya ikisubiri kufa. Redio ya Kiwelisi ya BBC ilianza mwaka 1977, na kituo cha televisheni cha S4C mwaka 1982, baada ya mwanasiasa Gwynfor Evans kutishia kufunga kula hadi afe iwapo serikali ingevunja ahadi yake. Vijana nao walikuwa na harakati zao. Bendi ya Datblygu, iliyoundwa mwaka 1982, ilikataa nyimbo za milima na mabonde, ikaimba Kiwelisi kikali cha mtu aliyechoshwa na nchi yake. Mwaka 1988 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth walianzisha lebo ya Ankst ili kurekodi muziki wa aina hiyo. Mtangazaji John Peel wa BBC alizipiga rekodi za Kiwelisi mbele ya wasikilizaji wa Uingereza nzima ambao hawakuelewa neno.

Humo ndimo alimokulia Gruff Rhys, aliyezaliwa mwaka 1970 na kulelewa Bethesda, mji wa machimbo ya mawe kaskazini mwa Welisi. Bendi yake ya awali, akiwa na mpiga ngoma Dafydd Ieuan, iliitwa Ffa Coffi Pawb, yaani “buni za kahawa za kila mtu”. Jina hilo ukilitamka haraka hugeuka tusi. (Walimu wa fonolojia mnaweza kulitumia darasani kwa hatari yenu wenyewe.) Bendi hiyo iliimba Kiwelisi kitupu, na ilipovunjika mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imefika mwisho wa soko lake.

Super Furry Animals ilizaliwa Cardiff mwaka 1993. Pamoja na Rhys na Ieuan walikuwemo Huw Bunford wa gitaa, Guto Pryce wa besi, na Cian Ciaran, mdogo wake Ieuan, wa kinanda na mitambo. Mwimbaji wa siku za mwanzo alikuwa Rhys Ifans, ambaye baadaye alipata umaarufu kama mwigizaji wa filamu. Rekodi yao ya kwanza ilitoka Ankst mwaka 1995, na kichwa chake kilikuwa jina la kijiji cha Llanfairpwllgwyngyllgogerychwyrndrobwllllantysiliogogogoch, lililorefushwa kwa maneno yenye maana ya “katika anga za juu”. Jina hilo la kijiji lina herufi 58, na lilirefushwa katika karne ya 19 ili kuvutia wageni. Bendi ikalirusha angani. Hapo tayari tabia yao inaonekana: waliupenda utamaduni wao kiasi cha kuutania.

Mwaka huo huo Alan McGee, mkuu wa lebo ya Creation iliyokuwa na Oasis, aliwasikia wakipiga katika baa moja ya Camden, London. Inasimuliwa kwamba aliwashauri waimbe zaidi Kiingereza, nao wakamjibu kuwa usiku ule walikuwa wakiimba Kiingereza. Hadithi hiyo imerudiwa mara nyingi, labda na kutiwa chumvi. Hata hivyo, kila mwalimu wa lugha anajua kwamba masikio husikia yanachotarajia.

Kwa Creation walitoa Fuzzy Logic mwaka 1996, Radiator mwaka 1997 na Guerrilla mwaka 1999, nyimbo zikiwa karibu zote kwa Kiingereza. Walinunua hata kifaru cha kijeshi, wakakifunga spika na kukizungusha kwenye matamasha. Magazeti ya muziki yaliwapenda, lakini nyumbani kulikuwa na manung'uniko. Baadhi ya watetezi wa Kiwelisi waliona kwamba vijana waliolelewa na harakati za lugha walikuwa wameuza urithi. Ni vigumu kuwalaumu watu hao moja kwa moja. Eisteddfod ya Taifa, tamasha kubwa la ushairi na muziki la Wawelisi, imeshika kanuni ya Kiwelisi tu jukwaani tangu mwaka 1950, kwa hofu kwamba Kiingereza kikipewa mlango hakitaacha hata dirisha. Upande wa pili, ukimlazimisha msanii wa miaka 25 awe mlinzi wa lugha, utapata mlinzi na kumkosa msanii.

Hawakuwa wameiacha lugha kabisa. Katika Radiator umo wimbo wa Kiwelisi, Torra Fy Ngwallt Yn Hir, yaani “nikate nywele ziwe ndefu”. Hapa naomba tusimame kidogo kwa ajili ya sarufi. Neno la nywele katika Kiwelisi ni gwallt, lakini likitanguliwa na fy, “-angu”, konsonanti ya mwanzo hugeuka kuwa nazali na tunapata fy ngwallt. Mgeni akilitafuta neno ngwallt katika kamusi hatalipata. Sisi tunaofundisha kwamba ndimi ni wingi wa ulimi, na kwamba -refu huwa ndefu katika ngeli ya I-/ZI-, tunaifahamu sura ya mwanafunzi anayekutana na jambo hilo mara ya kwanza. Sababu za kisarufi katika lugha hizi mbili ni tofauti, ila kero kwa mwanafunzi ni moja.

Baada ya Guerrilla bendi ilikuwa na nyimbo kadhaa zilizokuja kwa Kiwelisi, ikaamua kuzikusanya. Zilirekodiwa kwa haraka na kwa gharama ndogo, takribani paundi 6,000, pamoja na mtayarishaji Gorwel Owen. Mwishoni mwa 1999 ilitangazwa kwamba Creation ingefungwa. Bendi ikaichukua kazi yake na kuitoa yenyewe, kwa lebo yake ya Placid Casual, mwezi Mei 2000. Albamu hiyo iliitwa Mwng, yaani “manyoya ya shingoni mwa farasi”. Ilifika nafasi ya 11 katika chati ya Uingereza, na inatajwa kuwa albamu ya Kiwelisi iliyouzwa kuliko zote. Mbunge wa chama cha Plaid Cymru, Elfyn Llwyd, aliwasilisha hoja katika Bunge la London ya kuipongeza.

Jambo linalonivutia zaidi ni maudhui yake. Mtu angetarajia albamu ya kuitukuza lugha, yenye bendera na mashujaa, na hayo hayamo. Sarn Helen inahusu barabara ya kale ya Warumi inayounganisha kaskazini na kusini mwa Welisi. Pan Ddaw'r Wawr inazungumzia vijiji vinavyokufa. Ymaelodi â'r Ymylon, ambayo naweza kuitafsiri “kujiunga na walio pembezoni”, ni jibu kwa wale waliowatenga kwa kuimba Kiingereza, na jibu hilo limetolewa kwa Kiwelisi. Pia waliurekodi upya wimbo Y Teimlad wa Datblygu, wakawapa maelfu ya wasikilizaji wapya bendi iliyokuwa imewafungulia njia. Rhys mwenyewe amekuwa akieleza kwamba albamu ile haikukusudiwa kuwa tamko la kisiasa. Namwamini, ingawa nadhani ndiyo sababu ilifanya kazi ya kisiasa vizuri kuliko matamko. Ilimwonyesha msikilizaji kwamba Kiwelisi kinaweza kuchoka, kutania na kukasirika, kama lugha yoyote ya watu wazima.

Wapo wanaotaka kutoka hapo waseme kwamba muziki uliiokoa lugha. Takwimu zinakataa. Sensa ya 2011 ilitoa asilimia 19.0 na ya 2021 asilimia 17.8, licha ya lengo la serikali ya Welisi, lililotangazwa mwaka 2017, la kufikia wasemaji milioni moja ifikapo mwaka 2050. Albamu haimfundishi mtoto lugha ambayo mzazi wake hamsemeshi. Na sisi katika idara hii tujihoji tunapowasimulia wanafunzi kisa hiki. Tumezoea kukiweka Kiswahili upande wa Kiwelisi, kama lugha inayoonewa na Kiingereza. Kwa mwimbaji wa lugha ndogo ya Kongo mashariki au ya bara la Tanzania, Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya chati na ya redio. Swali aliloulizwa Rhys huko Camden, yeye huulizwa kuhusu Kiswahili.

Baada ya Mwng bendi ilihamia lebo ya Epic, na Rings Around the World ya mwaka 2001 ilitolewa kwa CD na DVD kwa pamoja, jambo jipya wakati huo. Zilifuata Phantom Power mwaka 2003, Love Kraft mwaka 2005, Hey Venus! mwaka 2007 na Dark Days/Light Years mwaka 2009. Hizi sitazikalia, kwani si kwamba ni mbovu bali swali letu la lugha halimo sana. Kisha walipumzika, wakarudi jukwaani mwaka 2015 Mwng ilipotolewa upya, wakaipiga mbele ya watu ambao baadhi yao walikuwa watoto ilipotoka.

Rhys ameendelea peke yake kwa lugha zote mbili. Mwaka 2019 alitoa Pang!, albamu ya Kiwelisi iliyotayarishwa na Muzi, mwanamuziki wa Afrika Kusini, na ndani yake mna beti za Kizulu. Muziki ni mwepesi, gitaa na ngoma za kompyuta, wala hakuna anayesimama kueleza kwa nini lugha hizo mbili zimekutana. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye hajui neno la Kiwelisi, aliisikiliza mara mbili, kisha akarudi kuniuliza kama kweli alisikia kiambishi ngeli.