Hatimiliki na Hatima ya Misitu ya Taita

Ukiwauliza wanafunzi wa Jiografia ni kitu gani kinachomaliza misitu yetu, aghalabu watakujibu kwa sauti moja: shoka na msumeno. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Katika sehemu nyingi za nchi hii, kabla shoka halijafika, kamba ya mpima ardhi ilikuwa imekwisha kupita.

Na tuitazame milima ya Taita. Hapo kale misitu ya ukungu ilivifunika vilele vya Dawida, Sagalla na Mbololo. Kilichosalia ni vipande vilivyotawanyika baina ya mashamba ya mahindi, migomba na mboga. Ngangao, mojawapo ya vipande vikubwa, ni hekta 120 hivi. Vingine havifiki hata 10. Humo huishi ndege mmoja mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, ambaye hapatikani penginepo popote duniani. Chakula chake hukitafuta chini, katika majani yaliyooza kivulini, wala hana mazoea ya kukatiza shamba wazi lenye jua kali.

Wataalamu waliolinganisha picha zilizopigwa kutoka angani waligundua jambo la kutatanisha. Kati ya mwaka 1955 na 2004, nusu ya msitu wa asili wa milima hiyo ilitoweka. Ilhali eneo lote la misitu lilipungua kwa asilimia 2 tu. Pengo lilizibwa na miti ya kigeni iliyopandwa: misonobari, mikaratusi, miwati. Nilipopanda kutoka Mwatate kuelekea Wundanyi niliuona ukijani huo, na lau nisingalijua takwimu hizo ningaliusifu bila kusita.

Zamani ardhi ya Taita ilikuwa mikononi mwa koo. Jamaa moja iliweza kuwa na kishamba mlimani na kingine bondeni, na kulikuwa na fighi, misitu mitakatifu ambayo hakuna aliyethubutu kuikata ovyo. Kisha zikaja sheria za usajili wa ardhi za mwaka 1963 na 1968, zilizowezesha kila kipande kuandikwa jina la mtu.

Mimi sina ugomvi na hatimiliki. Mwenye hati hupanda miti kwa kuwa anajua ataivuna; aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hapandi, na mara nyingi mwenye shamba hamruhusu, kwani kwa mila zetu nyingi kupanda mti ni kudai ardhi. Ndiyo sababu katika sehemu za magharibi mwa Kenya wanawake walikatazwa kupanda miti, ingawa kuni ni wao waliozitafuta. (Haya hayasemwi sana siku ya kugawa miche.)

Taabu huanza katika urithi. Tuseme mzee ana hekta 4 na wana wanne. Kila mmoja atapata hekta 1. Naye akiwa na wanne, wajukuu watabaki na robo hekta kila mmoja, yaani mraba wa mita 50 kwa 50. Mti mkubwa wa asili, wenye matawi yaliyotanda mita 20 kutoka upande hadi upande, utafunika karibu sehemu moja kati ya nane za shamba hilo, na kivuli chake huenda kikaangukia mahindi ya ndugu yake. Ni nani atakayeuacha usimame? Mjukuu huyo ataukata, kisha atapanda safu ya mikaratusi mpakani, apate nguzo za kuuza kabla ya miaka kumi kupita. Nani atamlaumu? Ana karo ya kulipa.

Hivyo miti inaongezeka na msitu unakufa. Kifungu cha 69 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka Serikali ifikishe na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya nchi. Lengo ni jema, lakini asilimia haibagui kati ya safu ya mikaratusi na msitu wenye vichaka, wadudu na mbegu. Kuviunganisha vipande viwili vya msitu ni kazi ipitayo uwezo wa mwenye robo hekta mmoja. Hutaka majirani wengi wapatane kuacha ukanda wa miti ya asili ukate mashamba yao, na walipwe kwa mavuno watakayoyakosa. Kumpa kila mmoja miche na hotuba hakutatosha.

Walimu wa Jiografia wanaweza kuanza na ramani. Wanafunzi wachague vipande viwili vya msitu vilivyo karibu na shule, wachore mipaka yote iliyopo kati yake, kisha wahesabu majina ya wamiliki. Hesabu hiyo na ipelekwe kwa chifu kabla ya msimu wa kupanda.