Prosesa ya Kompyuta: Je, Saba ni Bora Kuliko Tatu?

Mtu ashukaye kutoka Suji au Mamba kwenda mjini Same kununua kompyuta ya mezani, aghalabu huwa amebeba fedha za jasho: pengine za tangawizi, pengine za mbuzi. Fedha hizo zikiisha kutolewa hazirudi. Naye afikapo dukani huweza kuambiwa, "Chukua hii, ni i7; ile nyingine ni i3 tu." Je, saba ni bora kuliko tatu siku zote? Yafaa tulipime neno hili kabla ya kufungua mkoba.

Prosesa ndicho kipande kidogo kifanyacho hesabu zote za kompyuta. Intel 4004, iliyotolewa mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300 hivi. Za siku hizi zina mabilioni. Ili tufahamu kazi yake, tuzitazame ndiva za wazee wetu wa Upare. Maji ya mfereji huja kidogo kidogo, usiku hukusanywa ndivani, na asubuhi hufunguliwa yakafika mashambani kwa nguvu, wakulima wasikae wakingoja. Prosesa nayo ina viini, nao ndio wakulima. Ina mwendo uhesabiwao kwa gigahezi, nao ndio wepesi wa jembe kupanda na kushuka. Tena ina kache, akiba ndogo ya kumbukumbu iliyo karibu na viini, nayo ndiyo ndiva yake.

Lakini liko jambo la nne ambalo wauzaji hulisahau: kila jembe lishukapo, lapindua udongo kiasi gani? Pentium 4 ya mwaka 2004 ilifika gigahezi 3.8, ilhali prosesa nyingi za leo zenye mwendo wa kawaida ulio chini ya huo huiacha mbali sana. Mwendo peke yake si kipimo.

Sasa tulinganishe mbili. Intel i7-2600 ni ya mwaka 2011: ina viini 4, mwendo wa kawaida wa gigahezi 3.4, kache ya megabaiti 8, nayo imekadiriwa wati 95. Intel i3-12100 ni ya mwaka 2022: ina viini 4 vilevile, gigahezi 3.3, kache ya megabaiti 12, na kadirio lake la kawaida ni wati 60. Ukitazama jina, saba yashinda; ukitazama kazi, tatu ndiyo ishindayo, tena kwa mbali, kwa kuwa kila pigo la viini vyake lafanya kazi nyingi zaidi. Siri iko katika tarakimu zifuatazo kistari: 2600 ni kizazi cha 2, na 12100 ni kizazi cha 12. Basi muulize muuzaji kizazi kabla ya kuuliza jina.

Kampuni ya AMD nayo ina prosesa ziitwazo Ryzen, zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Hapa uangalie herufi ya mwisho. Ryzen 5 5600G ina viini 6 na sehemu yake ya kuchora picha. Ryzen 5 5600X ina viini 6 pia, lakini haina sehemu hiyo. Kadhalika i3-12100F ya Intel. Anunuaye hizo bila kadi ya picha atafika nyumbani, aiwashe, na kioo kibaki cheusi.

Na umeme je? Kompyuta ivutayo wati 100 kwa saa 8 hula uniti 0.8 kwa siku. Kwa siku 250 za kazi ni uniti 200. Ivutayo nusu yake hula uniti 100. Tena tambarare ya Same ina joto na vumbi. Vumbi likiziba feni, prosesa hupata moto na kujipunguzia mwendo yenyewe, na hapo fedha iliyolipiwa wepesi imepotea bure. Safisha feni mara kwa mara.

Jambo jingine ni la tarehe. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Na Windows 11, kwa masharti yake, yataka Intel ya kizazi cha 8 au baada yake. Kwa hiyo i7-2600 iliyokwisha tumika, hata ikiwa rahisi, yafaa zaidi kwa aliye tayari kutumia Linux, ambayo hupatikana bila malipo.

Basi ushauri wetu ni huu. Kwa barua, hesabu za duka na masomo ya watoto, yatosha i3-8100 au i5-8400 iliyokwisha tumika, pamoja na RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD. Maana diski ya zamani huichelewesha hata prosesa njema. Kwa kijana akataye filamu za harusi, viini 6 au zaidi vyastahili bei yake. Kumlipia mtoto wa shule viini asivyovitumia ni israfu, na kumpa fundi wa filamu mashine dhaifu ni kumnyima riziki yake.

Andika namba kamili ya prosesa katika karatasi kabla hujashuka mlimani, na usilipe mpaka umeisoma namba hiyohiyo katika kioo cha kompyuta iliyowashwa mbele yako.