Mnyoo Uliomfundisha Daktari Njia za Ini

Mama wa Kilindoni, Kisiwani Mafia, apasuapo samaki huwa na jambo moja analoliangalia kuliko yote: asitoboe nyongo. Akiitoboa, uchungu huenea katika mnofu, na kitoweo cha jamaa nzima kimeharibika. Ndiyo maana hata katika mambo yasiyohusu jikoni twasema kuwa shauri fulani limetumbukia nyongo.

Hofu hiyo humpata pia daktari mpasuaji, ila yeye aliyelala mbele yake ni mtu. Ini limejaa damu, na ndani yake mishipa na mirija ya nyongo imesongamana kama mizizi ya mikoko. Kwa miaka mingi wapasuaji waliogopa kulikata, kwa kuwa mgonjwa aliweza kutokwa na damu hadi kufa juu ya meza.

Mmoja wa waliopunguza hofu hiyo hakutoka katika nchi tajiri. Naye ni Daktari Tôn Thất Tùng wa Vietnam, aliyezaliwa mwaka 1912, wakati nchi yake ikitawaliwa na Wafaransa. Mwaka 1935, akiwa kijana mjini Hanoi, alichunguza maiti akakuta ini ambalo mirija yake ya nyongo ilikuwa imejaa minyoo mirefu ya tumboni. Mwingine angalifunga kazi akaenda zake. Yeye alitambua kwamba minyoo ile imemwonyesha njia. Akaanza kukwangua nyama ya ini kidogo kidogo, mpaka mishipa na mirija ikabaki peke yake, akaichora. Hata ilipofika mwaka 1939 alikwisha kuchunguza maini zaidi ya 200.

Mwaka huo alikata sehemu ya ini la mgonjwa kwa njia mpya. Kwa kuwa alijua kila mshipa unakopita, aliivunja nyama ya ini kwa vidole vyake, na kila mshipa uliojitokeza akaufunga kabla ya kuukata. Wakubwa wa upasuaji kule Paris walitia shaka. Kisha vita vikaingia. Daktari Tùng alimtibu Ho Chi Minh, akafuatana na wapigania uhuru, na mwaka 1954 akawahudumia majeruhi wa Dien Bien Phu.

Baadaye alirejea katika utafiti wake. Mwaka 1963 njia yake ilitangazwa katika jarida la The Lancet la Uingereza. Kazi iliyokuwa ikichukua saa kadhaa sasa iliweza kumalizika kwa dakika chache. Mwaka 1977 Chuo cha Upasuaji cha Paris, palepale alipotiliwa shaka, kilimtunukia nishani ya Lannelongue. Alifariki mwaka 1982.

Habari hii yatuhusuje sisi? Yatuhusu kwa sababu ya mnyoo ule. Mayai yake hukaa katika udongo uliochafuliwa na kinyesi, huingia kinywani kwa mikono au mboga zisizooshwa, na minyoo hukulia katika utumbo. Mmojawapo aweza kupanda na kuziba mrija wa nyongo. Mgonjwa hupatwa na maumivu makali, na macho yake huweza kugeuka manjano. Tena, kwa kuwa mrija wa kongosho hufungukia mahali hapo, kongosho nalo laweza kuvimba.

Mwaka 2000 Mafia ilikuwa mahali pa kwanza katika kampeni ya taifa ya kutokomeza matende na mabusha kwa kuwagawia wananchi dawa za aivemektini na albendazoli. Hii ya pili huua pia minyoo ya tumboni. Hivyo kidonge kilicholetwa kwa ajili ya matende kililinda ini pia.

Lakini kidonge hakiusafishi udongo. Nyumba isiyo na choo huirudisha minyoo. Na ndugu wa Mafia ahitajipo upasuaji mkubwa wa ini hana budi kuvuka bahari hadi Nyamisati, kisha ashike barabara ya Dar es Salaam, huku akiumwa na jamaa zake wakitafuta nauli.

Basi wazazi, chimbeni choo, wafundisheni watoto kunawa mikono, nanyi msikatae kidonge kinapoletwa. Na aonaye macho ya mwanawe yamegeuka manjano asingoje kesho. Ampeleke hospitali siku hiyo hiyo.