Mlango Usiofungika

Mlango una kazi mbili: kufunga na kufungua. Mlango usioweza kazi ya kwanza huwakaribisha wezi, mbuzi na mvua. Usioweza kazi ya pili ni hatari zaidi, kwa maana moto ukiwaka usiku, waliomo ndani hawapati njia ya kutoka. Watu wengi, mlango wao usipokamata, huupigilia msumari au huufunga kwa kamba. Hivyo huondoa ubaya mmoja na kuleta mwingine ulio mkubwa zaidi. Yafaa kuutengeneza, na kazi hiyo si ngumu kwa mtu mwenye subira.

Kwanza tuzijue sehemu zake. Mlango wa mbao hushikwa katika mwimo mmoja kwa bawaba mbili au tatu. Katika ukingo wa pili umetiwa kitasa, na ndani ya kitasa mna ulimi wa chuma unaosukumwa na kamani. Mwimo wa upande huo una bamba la chuma lenye tundu. Mlango ukifungwa, ulimi huteleza juu ya bamba, kisha huchomoza na kuingia katika tundu. Ulimi na tundu visipokutana sawasawa, mlango haukamati, hata ukiusukuma kwa nguvu zako zote. Kuubamiza hakusaidii neno, ila huzidi kulegeza skurubu.

Basi usishike chombo chochote kabla ya kujua kosa liko wapi. Mlango wenyewe utakuonyesha. Paka ulimi chaki, au masizi ya chungu, funga mlango polepole, kisha ufungue ulitazame bamba. Alama utakayoiona ndiyo mahali ulimi unapogonga.

Alama ikiwa chini ya tundu, mlango umeshuka. Uzito wa mlango huivuta bawaba ya juu itoke katika mwimo, na bawaba ya chini huisukuma kwenye mwimo. Ni kama mkwezi aliye juu ya mnazi: mikono yake huvuta shina, na miguu yake hulisukuma, mikono ikilegea, huanguka. Kwa hiyo tazama bawaba ya juu kwanza. Tia kabari chini ya mlango, upande wa kitasa, uuinue hata ukae sawa, kisha kaza skurubu kwa bisibisi. Skurubu ikizunguka bila kushika, tundu lake limepanuka. Itoe, chonga kijiti cha mti mgumu, kipake gundi, ukipigilie ndani ya tundu, na ukate kinachozidi. Gundi ikikauka, toboa tundu jembamba katikati ya kijiti, ndipo uirudishe skurubu. Zitoe moja moja, wala usizitoe zote pamoja, mlango usije ukakuangukia. Lakini ukiona mwimo umeliwa na mchwa, vijiti havitafaa kitu. Sharti ubao ulioharibika uondolewe na kutiwa mwingine.

Pengine bawaba zimekaza, lakini ulimi unakosa tundu kidogo tu, kadiri ya milimita 2 au 3. Hapo panua tundu la bamba kwa tupa, upande ule wenye alama. Ikiwa tofauti ni kubwa kuliko hiyo, fungua bamba, chimba mwimo kwa patasi, ulisogeze mpaka tundu lielekeane na ulimi.

Kama hukuona alama yoyote, acha mlango wazi, ubonyeze ulimi kwa kidole. Usiporudi upesi, umeshikwa na kutu au na rangi iliyokauka. Usafishe, utie matone machache ya mafuta. Ukirudi vema, basi ulimi haulifikii bamba, kwa sababu mlango unakwama mahali pengine kabla ya kufika.

Jambo hili hutokea sana pwani yetu wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Mti hunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Hewa ikikauka, mti husinyaa. Wala hauvimbi sawasawa pande zote. Ubao huongezeka kwa upana, lakini kwa urefu hauongezeki ila kidogo mno. Ndiyo sababu mlango uliotengenezwa kwa mbao zilizosimama hukwama ubavuni zaidi kuliko juu.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Huchukua randa mwezi wa Mei, wakaupunguza mlango mpaka ufunge kwa wepesi. Hata ifikapo Januari, siku za jua kali la kaskazi, mlango umesinyaa, pana nafasi kubwa kati yake na mwimo, na ulimi haulifikii tena tundu. Mti uliokwisha kuondolewa haurudi. Ikiwezekana, ngoja mvua zipite. Ikiwa lazima, ondoa ganda jembamba mahali pale tu panapokwaruza, ujaribu mlango, kisha uondoe tena kidogo. Ukimaliza, paka rangi kila mahali palipo wazi, na usisahau ukingo wa juu na wa chini, kwa maana ncha za mbao ndizo zinywazo maji zaidi.

Mwisho, ijaribu kazi yako. Funga mlango kwa kidole kimoja, usikilize ulimi ukiingia, kisha usukume uone kama umeshika. Baada ya hayo, mwite mtoto mdogo wa nyumba ile, awezaye kukifikia kitasa, aingie ndani, aufunge na kuufungua peke yake. Akiweza, mlango umepona.

Maswali

1. Kwa nini si vema kuufunga mlango mbovu kwa msumari au kamba?
2. Alama ya chaki ikiwa chini ya tundu, utatazama bawaba ipi kwanza, na kwa sababu gani?
3. Mlango uliopunguzwa kwa randa wakati wa masika utakuwaje wakati wa jua kali?