Kermesse ya Ubelgiji na Uholanzi: kinanda chenye kusoma karto

Neno kermesse linajulikana vizuri ku parokia na ku masomo za Bukavu, Goma ao Uvira. Lakini asili yake ni Kiholanzi: kerk ni kanisa, mis ni misa. Ilikuwa sikukuu ya kanisa la kijiji. Kisha misa, watu walicheza na kununua vitu. Pole pole, michezo ikashinda misa. Ile kermesse kubwa ya Brussels, karibu na gare du Midi, ilianza 1880, na ingali inafanyika kila mwaka.

Zamani, mbele ya bafle kufika, nani aliita watu? Ni kinanda kikubwa cha mbao, chenye rangi nyingi na sanamu ndogo zenye kupiga kengele. Ndani yake muko filimbi nyingi, ngoma na mifuko ya kusukuma hewa. Mtu anazungusha gurudumu, na kile kinanda kinafanya kazi ya fanfare nzima. Sauti yake ilipashwa kuwa kali juu ifike mbali, kupita makelele ya watu na ya mashini.

Wimbo unatoka wapi? Mwanzoni, ulitoka ku mti wa mviringo wenye misumari midogo: nyimbo chache tu, na kuzibadilisha ilikuwa kazi ngumu. Mwaka 1892, kampuni Gavioli ya Paris ilileta kitabu cha karto chenye matundu. Kila tundu ni noti moja. Tundu refu, sauti ndefu. Kubadilisha wimbo ni kubadilisha kitabu tu. Kule Antwerpen, Mortier na Decap walijenga vinanda vikubwa vya salle za dansi. Uholanzi, kinanda kilitembea barabarani, mwenyewe akitikisa kikombe cha makuta kwa kufuata mdundo.

Kisha, bafle na sahani vikachukua nafasi: ni bei ndogo, na kila muchezo unapiga muziki wake. Vinanda vingi vikauzishwa, vingine vikaingia ku musée, sawa ile ya Utrecht.

Mwezi wa 12 mwaka 2024, UNESCO iliandika utamaduni wa kermesse wa Ubelgiji na Ufaransa ku liste ya urithi wa dunia usioshikika kwa mikono. Ni heshima, lakini haitoshi. Musée inaweza kulinda mbao na filimbi. Lakini kama hakuna tena mtu mwenye kujua kutoboa karto, kinanda kitabaki na nyimbo za zamani tu.